Togwa ya Siku ya Tatu

Miaka ile Zipora alipokuwa bado anapika ujimbi, mgeni wa Chang'ombe hakuhitaji kuuliza nyumba yake ilipo. Aliwafuata tu walevi. Ujimbi ni pombe ya mtama, pombe ya Wagogo, na huko Dodoma kila mtaa una mpishi wake, lakini wa Zipora ulikuwa na jina. Alifundishwa na mama yake kijijini Haneti, tangu kimea kinalowekwa mpaka mtungi unafunguliwa, na juu ya mafunzo hayo Mungu akamwongezea pua. Angesimama mlangoni kwako, hajaingia, hajakaribishwa, akakwambia mtungi ulioko uani ni wa siku ya ngapi na kama kimea umekibania. Wapishi wenzake walimchukia kwa hilo. Hata hivyo, wakigombana na wateja kwamba pombe ni changa au imelala, waliyekuwa wakimwita aje kuamua ni yeye huyo huyo. Zipora alisema uongo wake mwingine kama watu wote, wa kukopa chumvi na wa kukwepa michango ya sherehe, lakini juu ya mtungi hakuwahi kudanganya mtu. Akisema ni ya jana, ni ya jana, na mjadala umefungwa.

Mumewe, Stanley, fundi makochi, alikuwa mteja wake wa kwanza asubuhi na wa mwisho usiku. Mwanzoni watu walicheka, wakasema fundi ameoa kilabu. Baadaye kicheko kikaisha. Stanley alianza kuacha makochi ya watu yakiwa mifupa mitupu, akaanza kuokotwa mtaroni, na siku moja alimsahau bintiye Nyemo stendi kutwa nzima kwa sababu alipita mahali "kidogo tu". Mama yake Zipora alishuka kutoka Haneti bila kuitwa, akamchukua mjukuu wake, akasema, "Mtoto atarudi siku baba yake akirudi." Mama yule akishasema, amesema.

Ndipo Stanley alipoacha. Alipelekwa kwenye ushauri, akaingia kikundi cha watu wanaoacha pombe na dawa, akatetemeka, akatapika, akalia, akaacha kweli. Na alipoacha, Zipora naye akaacha kupika. Hakuombwa na mtu. Alitoa mitungi yake nje mmoja mmoja, akaigonga kwa mchi wa kinu mpaka ikawa vigae, na majirani wakashika vichwa. Akabakiza mtungi mdogo wa togwa, akawa anauza togwa sokoni Majengo.

Togwa si pombe, lakini ni tumbo moja na pombe. Uji wa mahindi, kimea cha ulezi, na subira. Ya leo anakunywa mtoto, mjamzito na mchungaji wa kanisa. Ya kesho ina ukali kidogo ulimini. Ya kesho kutwa, kwa joto lile la Oktoba kabla ya mvua, imeshavuka, na anayekunywa ajue anakunywa nini. Kwa hiyo Zipora alikuwa na sheria: togwa isiyonunuliwa leo haikutwi kesho ndani ya nyumba yake. Ilimwagwa kwa nguruwe wa jirani, nao walikuwa nguruwe wenye furaha.

Sheria ya pili ilikuwa ya mlangoni. Kila jioni Stanley akirudi kutoka karakana, kabla hajavua viatu, aliinama kidogo, akafungua mdomo, na Zipora akanusa. Basi. Hakusema neno, wala mumewe hakusema. Akishanusa, anasogea, mume anaingia, chakula kinaletwa. Ulikuwa kama utani hapo mwanzo, na utani ukaota mizizi.

Mtu angedhani mwanamke aliyepata mume wake mzima angelala usingizi wa pono. Zipora hakulala. Neno lake hili hakumwambia mtu, maana lingemwaibisha hata mbele ya mbuzi: alimkumbuka mlevi wake. Si pombe aliyoikumbuka, wala si mtaro. Ila Stanley wa pombe alikuwa anaongea. Alikuwa anarudi anamwangukia mapajani, anamweleza yote, ya utotoni kijijini Busi, ya baba yake aliyemchapa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, ya hofu zake, analia, anaomba radhi, anaapa, na kesho anarudia tena. Stanley wa sasa aliingia, akala, akasema "Asante mama Nyemo," akalala. Mlevi alikuwa wake peke yake, hakuna aliyemtaka. Huyu mzima mwenye shati safi alikuwa anatakiwa na watu, anapigiwa simu, anaondoka. Wivu hauna haya. Unaweza kumwonea wivu hata mumeo kwa kupona.

Alhamisi moja Stanley aliinama mlangoni kama kawaida, na Zipora akanusa, na hakusogea.

Pombe haikuwepo. Kulikuwa na chai. Chai ya maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakolea, yenye iliki, na nyuma ya iliki, kwenye kola ya shati, udi.

"Umekunywa chai wapi?" aliuliza.

"Kwa Ludovick, pale jirani na karakana."

Sasa, Ludovick anauza chai ya rangi. Ana birika moja lenye masizi, tangawizi kidogo siku akijisikia, na maziwa kwake ni anasa ya harusi. Udi, kama angeuona, angeutafuna akidhani ni mzizi wa dawa. Zipora alisema "Sawa," akasogea. Alhamisi iliyofuata, iliki tena. Na iliyofuata.

Ukweli wa mtaa wa Chang'ombe ni kwamba ukianza kushuku, huhitaji kutafuta shahidi. Anakuja mwenyewe. Alikuja Tereza, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyerithi wateja wote wa ujimbi siku Zipora alipovunja mitungi.

"Mama Nyemo, mimi umbea sipendi," Tereza alianza. Mtu akianza hivyo, vuta kigoda. "Lakini wewe ni dada yangu. Baba Nyemo nimemwona leo Alhamisi kwa macho yangu haya. Anaingia kwa yule mjane wa Kihindi anayeuza vitambaa vya makochi. Shenaz. Na si mlango wa mbele, shoga. Wa nyuma. Duka limeshafungwa."

"Ni fundi makochi. Ananunua vitambaa."

"Kwa mlango wa nyuma?" Tereza aliangalia kucha zake. "Haya. Lisemwalo lipo."

Zipora hakulala siku hiyo, na kesho yake hakwenda sokoni. Alivaa gauni la Jumapili siku ya Ijumaa, akajipaka mafuta, akaenda dukani kumwona mwizi wake.

Duka lilikuwa refu, jembamba, limejaa majora mpaka darini. Kwenye kiti cha pesa alikaa mwanamume mnene mwenye miwani, Firoz, shemeji wa Shenaz, kaka wa marehemu. Shenaz mwenyewe alikuwa kwenye meza ya kukatia. Zipora alikuwa amejiandaa kukuta msichana. Akakuta mwanamke wa umri wake, mtandio mweupe, macho yamezama, mikono myembamba. Kumbe si kijana. Hilo lilimuuma zaidi, maana kijana ungesema ni tamaa tu, itapita.

"Karibu dada," alisema Shenaz, Kiswahili cha mzaliwa wa Dodoma, hakina doa. "Nikusaidie nini?"

"Kitambaa cha pazia. Cha chumbani." Zipora alilisema neno chumbani kwa nguvu kidogo.

Shenaz alishusha jora la zambarau, akapima, akachukua mkasi. Mkono ukatetemeka. Aliuweka mkasi chini, akakunja vidole, akaushika tena. Zipora akaona, na moyo wake ukapiga kigelegele kichungu: ananijua huyu, anaogopa.

"Mimi nakaa Chang'ombe," Zipora alisema. "Mume wangu ni fundi. Stanley. Labda unamjua."

Mwanamke yule aliinua uso. Kitu kikamtoka kabla hajakizuia, tena kwa furaha. "Wewe ndiye mama Nyemo? Mtoto anarudi lini kutoka Haneti? Ni Januari kweli?"

Pale kwenye kiti cha pesa Firoz aliinua kichwa. "Mnajuana?"

"Hapana, bhai," Shenaz alimjibu shemeji yake haraka, na damu ikamwondoka usoni. "Mteja tu." Akamtazama Zipora kwa macho ya mtu anayeomba. Zipora aliyaona macho yale, akayasoma kama alivyotaka kuyasoma. Habari ya Januari hakuijua hata Tereza. Ilisemwa kitandani, baina ya watu wawili, kwa sauti ya chini, kwamba bibi ameanza kulegea na mtoto huenda akarudi shule zikifunguliwa. Ikatoka kitandani ikaja kukaa kwenye meza ya vitambaa. Zipora aliacha pazia mezani, akatoka bila kuaga.

Jioni, Stanley alipoinama mlangoni, Zipora hakunusa.

"Shenaz ni nani yako?"

Stanley alinyooka taratibu. "Nanunua vitambaa kwake."

"Anajuaje habari za mwanangu?"

Ukutani saa ilikuwa inatembea, na kwa Tereza walevi walikuwa wanaimba kwaya ya mazishi.

"Siwezi kukwambia, mama Nyemo. Si siri yangu."

"Unalala naye?"

"Hapana! Naapa kwa kichwa cha Nyemo, silali naye, sijamgusa hata mkono."

Zipora alimwangalia. Alimjua akiapa kwa uongo, alikwisha kumsikia mara nyingi mno enzi zile, na huu haukuwa uongo. Angepaswa kupumua. Badala yake akauliza, "Sasa mnafanya nini?"

"Tunaongea."

Lo! Heri angesema wanalala. Mwili ni mwili, unaoshwa. Wanaongea! Yule mume wa asante-mama-Nyemo, mume wa kugeukia ukutani, ana mahali anapokwenda kila Alhamisi kufungua kinywa chake, na kinywa hicho akishakifungua huko, anamletea yeye nyumbani anuse makombo. Mitungi yake aliivunja kwa ajili ya nani? Jina lake la upishi, wateja wake, haki ya kuitwa kuamua, alivimwaga ili mwanamke mwenye udi apate mtu wa kuzungumza naye!

Wivu wa namna hiyo hauvunji vyombo. Unakaa, unatulia, unafikiri. Kwa siku kadhaa Zipora alikuwa mpole kuliko kawaida, na mtu mwenye akili angeogopa. Alichokuwa anafikiri kilikuwa hiki: mlevi hana mahali pa kwenda ila kwake. Shenaz hatamtaka mtu aliyelala mtaroni. Akianguka mara moja tu, mara moja ndogo, atarudi mapajani, na yeye atampokea, atamwinua tena, na safari hii atamwinua yeye peke yake, bila vikundi. Januari ilimpitia akilini. Aliisukuma pembeni. Akajiambia Januari iko mbali.

Alhamisi, Stanley alipokuwa kwenye maongezi yake, Zipora alikwenda kwa Tereza na bakuli.

"Nigawie machicha kidogo. Kuku wangu hawatagi."

"Chota," alisema Tereza, akijua kabisa Zipora ana kuku wawili, na wote majogoo.

Machicha yale, makapi ya ujimbi yaliyobaki baada ya kuchujwa, chachu bado imo, Zipora aliyatia kwenye mtungi wa togwa aliyokuwa ameipika siku hiyo hiyo, akaukoroga, akaufunika, akausogeza uani penye jua. Ijumaa alisikiliza mtungi ukinong'ona. Jumamosi mchana ulikuwa unasema wazi, povu limepanda mpaka shingoni, na harufu, kwa mwenye pua yake, ilijaa uani kote. Akaongeza sukari ili kuficha ukali. Hiyo ni aibu ambayo mpishi hawezi kuisimulia, maana hata katika siku zake mbaya kabisa hakuwahi kumtilia mteja sukari.

Stanley alirudi mapema siku ile. Alikuwa ametoka kupakua kochi kutoka kwenye guta, jua la Oktoba limemkausha, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye kigoda kivulini kwa ukuta.

"Mama Nyemo, kuna togwa? Nakufa na kiu."

"Ipo."

Alichota kata, akaijaza, akampa. Alisimama mbele yake, na moyo wake ulikuwa unapiga kana kwamba ni yeye anayetaka kunywa. Stanley alipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea chakula mtu aliyelelewa, akanywa. Funda la kwanza, la pili, la tatu, koo likapanda na kushuka. Kisha akasita. Kata ikabaki hewani, mbele ya midomo.

"Hii ni ya lini?"

"Ya leo."

Neno lilitoka jepesi. Stanley aliiangalia kata, akamwangalia mkewe, na Zipora akangoja amtukane, akangoja amwage, akangoja lolote. Stanley akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejionea huruma.

"Basi ni mimi," alisema. "Ulimi wangu umeharibika. Nimesikia pombe, mama Nyemo, pombe kabisa. Wenzangu kwenye kikundi walinionya kwamba itakuja siku utaisikia hata kwenye maji." Akajifuta mdomo. Kisha ile sauti ikabadilika, ikawa laini, ikawa na asali ndani yake, sauti ambayo Zipora hakuwa ameisikia tangu siku ya mitungi. "Kama wewe umesema ni ya leo, ni ya leo. Niongezee."

Akamnyooshea kata.

Hiki ndicho alichokitaka. Hiki hapa, kimekuja, na sauti yake, na macho yake yale yanayong'aa. Stanley alikuwa amemwamini yeye kuliko ulimi wake mwenyewe. Mwanamume aliyejifunza kushuku kila harufu, kila glasi ya harusi, kila chupa ya dawa ya kikohozi, alikuwa amekaa kwenye kigoda ananyoosha kata, kwa sababu Zipora juu ya mtungi hadanganyi. Na mkono wa kushoto, ule usioshika kata, ulikuwa umeanza kucheza juu ya goti. Zipora aliujua mkono ule. Aliwahi kuushika ukicheza vile mtaroni, mvua ikinyesha. Hofu ikampanda kutoka nyayoni.

"Niongezee basi," alisema Stanley, na sasa hakuwa anaomba.

Zipora alimpokonya kata. Akauendea mtungi, akauinamisha kwa mikono yote miwili, na togwa ikatoka kwa povu, ikatapakaa uani, ikamlowanisha miguu. Harufu ikapanda, na hata asiye na pua angejua.

"Ni pombe," alisema. "Ulimi wako uko sawasawa. Ni ya siku ya tatu, na nimeitia machicha kwa mkono wangu, na sukari usijue. Nilitaka unywe."

Stanley hakusimama. Alilitazama dimbwi lile jinsi linavyonywewa na ardhi, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alilitazama kwa masikitiko. Kisha akafumba macho.

"Kwa nini?"

"Ili urudi."

"Nirudi wapi? Niko hapa."

Stanley alipapasa mfukoni, akatoa simu, vidole vikakataa, ikaanguka. "Nipigie," alisema. "Mafunda matatu yameshuka. Bado madogo, lakini yanaita wenzao. Nikikaa hapa nitaenda kwa Tereza, najijua. Mpigie. Jina liko pale juu."

Zipora aliokota simu. Jina lililokuwa pale juu lilikuwa Shenaz. Na ni yeye, kwa kidole chake, aliyelibonyeza. Ni yeye aliyesema "Haloo, ni mama Nyemo, amekunywa," na ni yeye aliyesimamisha bajaji, akampakia mumewe, akamshika mkono usicheze, akampeleka mpaka mlango wa nyuma wa duka la vitambaa, akagonga. Hakuna aliyemlazimisha. Adhabu nyingine mtu hujitengenezea, akazivaa mwenyewe, na zikamkaa sawasawa.

Shenaz alifungua kabla Zipora hajagonga mara ya pili. Jumamosi Firoz hufunga duka saa saba na kwenda kwake, kwa hiyo ndani palikuwa kimya. Alivuta kiti, akamkalisha Stanley, akamwekea chai, akatia sukari vijiko viwili bila kuuliza, na Zipora akaviona vijiko vile, na hata pale, hata na miguu yake inayonuka pombe, wivu ukamchoma tena.

"Kaa, dada," alisema Shenaz.

"Sikai. Nimekuja kumleta. Nataka kujua kitu kimoja tu, mnaongea nini, halafu nakwenda."

Shenaz alimtazama Stanley. Stanley akatikisa kichwa kukataa: usiseme, si lazima. Mwanamke yule alivuta pumzi, akasema.

"Kwenye kikundi chetu kila mtu anapewa mwenza. Wa kumpigia kiu ikija. Mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, ndiyo utaratibu. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu. Mwenza wa Stanley alipoondoka, tukabaki yeye na mimi, tukaunganishwa."

"Wewe?" Zipora hakuelewa. "Wewe Muislamu, unakunywa?"

"Sinywi. Namezaga vidonge. Vya usingizi. Tangu Zahir wangu afariki. Nilianza kwa kimoja." Aliweka mikono yake mezani, na ilitetemeka vile vile kama siku ile ya mkasi, na hakuificha. "Shemeji yangu anangoja sababu moja tu ya kuniondoa kwenye duka hili na kuwachukua wanangu. Hii inatosha. Stanley ameapa hatasema kwa mtu, hata kwa mkewe, na hakusema. Sasa nimekwambia mimi. Nyumba ya Firoz ni ile yenye geti la kijani, hata mita mia hazifiki. Ukitaka kunimaliza, utanimaliza leo."

Zipora alikaa. Alikuja na hasira zake zote zimefungwa kanga, na sasa hakujua aziweke wapi. Lakini lile la kumchoma lilikuwa bado lipo. Kumsamehe Shenaz kulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Hakuwa amekuja kwa ajili ya Shenaz.

Akamgeukia mumewe. "Mimi ndiye niliyekuokota. Mimi ndiye niliyevunja mitungi. Kwa nini unaongea na yeye, huongei na mimi?"

Stanley alizungusha kikombe. Rangi ilikuwa inaanza kumrudi. Alijibu bila kupandisha sauti.

"Yeye huniuliza. Wewe hujawahi kuniuliza, mama Nyemo. Tangu nimeacha, hata siku moja. Wewe unanusa tu. Mdomo ukiwa safi, unasogea, nami napita. Ndani ya mdomo kuna nini, hutaki kujua."

"Ningejuaje kama una la kusema?"

"Ninalo. Nilianguka. Si leo, hapo nyuma. Nikarudi nyumbani kesho yake, ukaninusa, ukanipitisha."

Zipora akahisi kama sakafu imesogea. Pua yake! Alitazama mikono yake, akamtazama Shenaz, na akaona kwamba Shenaz analijua hilo, amelijua siku zote. Angeweza kuinuka hapo. Angeweza kusema basi, kaeni na mambo yenu, akaenda zake nyumbani na ubwabwa wa hasira ukamshibisha miaka kumi.

"Nakuuliza sasa," alisema. "Ulianguka vipi?"

"Utalia. Ukilia mimi hunyamaza, najijua. Nikikuona unalia nitasema uongo wowote ili uache."

"Nitalia," alisema Zipora. "Wewe usinyamaze."

Shenaz aliinuka, akachukua birika, akaenda nalo jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Stanley akaanza tangu mwanzo: kwamba yule mwenza wake wa kwanza aliitwa Yahaya, kwamba alirudia pombe akaenda Mtera kuvua samaki, akafia huko bwawani, na yeye akaenda kumzika, akidanganya nyumbani kwamba anafuata mbao. Kwamba baada ya mazishi kibuyu cha pombe kilizunguka, na kilipofika kwake hakukipitisha. Zipora alianza kulia kwenye jina la Yahaya, kilio cha kwikwi, cha aibu, mabega yakiruka. Stanley aliona, akamshika mkono, akaendelea kusema.